Rekodi za Plazma Hazijengi Kinu

Tangu Desemba 2022, kila inapotajwa nishati ya muungano wa viini vya atomu, kauli inayofuata ni ileile: fizikia imemaliza kazi yake, sasa zimebaki fedha na mafundi. Tarehe 5 ya mwezi huo, leza 192 za maabara ya Livermore, California, zilipeleka megajuli 2.05 za nishati kwenye shabaha iliyobeba kidonge cha mafuta chenye upana wa milimita mbili hivi, na zikatoka megajuli 3.15. Magazeti yakatangaza kwamba binadamu amewasha jua lake mwenyewe. Wenye mitaji nao hawakulala. Kufikia katikati ya 2024 kampuni binafsi za fani hii zilikuwa zimekusanya zaidi ya dola bilioni 7. Helion imeahidi kuipatia Microsoft umeme kuanzia 2028. Commonwealth Fusion Systems imetangaza kituo cha megawati 400 huko Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Sitawasumbua na hesabu ya umeme uliovutwa kwenye gridi kuziwasha leza zile, takriban megajuli 300. Hilo limeshasemwa na wengi, na kwa kweli si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba kauli yenyewe imepindua mambo. Inachukulia kwamba jambo gumu ni kuwasha moto, na kwamba nyumba ya moto huo itapatikana tu, kwa kuwa vyuma vipo, viwanda vipo na wahandisi wapo. Nasema kinyume chake. Moto umeonyesha kwamba unaweza kuwashwa. Ukuta wa kuuzunguka kwa miaka thelathini mfululizo ndio hatuna, na hatujui kama tutaupata, kwa sababu hakuna mahali popote duniani ambapo chuma cha ukuta huo kimewahi kujaribiwa katika hali itakayokikuta.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu wa plazma, yaani gesi ya joto kali ambamo viini huungana, wamefanya kazi kubwa. Mashine ya JET, iliyokuwa Culham nchini Uingereza, ilitoa megawati 16 za muungano mwaka 1997. Mwishoni mwa 2021 ikatoa megajuli 59 ndani ya sekunde tano. Na katika majaribio yake ya mwisho, mwaka 2023, ikafikisha megajuli 69 kwa kuchoma miligramu 0.2 tu za mafuta. Januari 2025 Wachina wa Hefei walishikilia plazma kwa sekunde 1,066, na mwezi uliofuata Wafaransa wa Cadarache wakawapita kwa sekunde 1,337. Hizi si porojo. Lakini tazama zinapima nini. Zinapima joto, muda na nishati iliyotoka. Ile plazma ya dakika 22 ya Cadarache haikuwa na mafuta ya tritiamu ndani yake, kwa hiyo ukuta wake haukuonja mvua ya nyutroni itakayonyesha ndani ya kinu cha umeme. JET iliionja, kwa sekunde tano. Hakuna rekodi hata moja kati ya hizi inayotuambia ukuta utakuwaje baada ya mwaka wa pili.

Tuingie ndani ya mashine. Mafuta yanayotegemewa na karibu miradi yote mikubwa ni diteriamu na tritiamu, ndugu wawili wa haidrojeni. Viini vyao vinapoungana, hutoka elektrovolti milioni 17.6. Kati ya hizo, milioni 14.1 huondoka na nyutroni, yaani asilimia 80 ya nishati yote. Nyutroni haina chaji. Sumaku kubwa zinazosifiwa katika kila taarifa, zile zinazoizuia plazma isiguse kitu, haziioni kabisa. Inapita katikati yake, inapita kwenye sehemu ya mbele ya ukuta, inazama ndani. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa: umeme tunaouota ni joto la nyutroni zilizokwama ukutani. Zaidi ya hayo, tritiamu haichimbwi popote. Nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo kinu lazima kijitengenezee yake kwa kupiga lithiamu kwa nyutroni hizohizo, ndani ya tabaka ambalo wataalamu hulitaja kwa jina la blanketi. Basi ukuta si ua wa kuzuia watoto wasiingie. Ni boila, ni kiwanda cha mafuta, na ni kizuizi cha mionzi, vyote kwa pamoja, huku ndani yake kuna ombwe na nyuma yake kuna maji au gesi yenye mgandamizo mkubwa.

Nyutroni moja ya aina hiyo ikigonga atomu ya chuma inaweza kuipa msukumo wa hadi elektrovolti milioni moja hivi. Atomu ya chuma inang'oka mahali pake kwa elektrovolti zipatazo 40 tu. Iliyogongwa inagonga jirani, jirani anagonga wengine, na kufumba na kufumbua maelfu ya atomu yamehama. Nyingi hurudi kwenye nafasi zilizo wazi ndani ya sehemu chache za trilioni za sekunde, na hapa chuma kinastahili heshima, maana kinajiponya kwa kiwango cha kushangaza. Zisizorudi ndizo balaa. Huacha mashimo mahali fulani na msongamano mahali pengine, na hivyo vikikutana hufanya vifundo, vitanzi na mapango madogo ndani ya fuwele.

Wataalamu huhesabu ming'oko: kwa wastani, kila atomu ya chuma imeng'olewa mahali pake mara ngapi. Ukuta wa ITER, mashine kubwa inayojengwa na nchi za Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani huko Cadarache, umesanifiwa kupata ming'oko isiyozidi mitatu katika maisha yake yote. Kinu cha maonyesho ambacho Wazungu wanakipanga baada yake, DEMO, kinataka blanketi la kwanza listahimili ming'oko 20 na la pili 50. Kituo cha biashara, cha kuuza umeme kwa bei ya kushindana na makaa na jua la juu ya paa, kinatazamiwa kuvuka 100. Rudia kusoma namba hiyo. Kila atomu ya ukuta, kwa wastani, itakuwa imefukuzwa nyumbani mara mia moja, na bado ukuta unatakiwa usivimbe, usipinde, usivuje na usipasuke siku mtambo unapopoa kwa ajili ya matengenezo.

Na ming'oko ni nusu tu ya shida. Nyutroni zenye nguvu hiyo haziishii kusukuma, zinabadilisha. Zinapoingia ndani ya kiini cha chuma hutoa chembe ya alfa, na chembe hiyo ikitulia inakuwa heliamu. Heliamu haiyeyuki ndani ya chuma, haiungani na kitu chochote. Inatangatanga hadi ipate shimo au mpaka kati ya punje za fuwele, na hapo inajikusanya kuwa kiputo. Ndani ya kinu cha muungano, kila mng'oko mmoja huja na takriban atomu kumi za heliamu katika kila atomu milioni za chuma. Katika vinu vya kasi vya mpasuko wa viini, uwiano huo haufiki moja. Punje za chuma zikishatandikiwa viputo mipakani, chuma kilichokuwa kinanyumbuka kinaanza kukatika.

Hapa ndipo hujibiwa kwamba tuna uzoefu wa miaka zaidi ya 60 wa vinu vya mpasuko, kwa hiyo mionzi na vyuma si jambo geni. Ni kweli tuna uzoefu, na uzoefu wenyewe ndio unaonitia hofu. Katika pwani ya kaskazini ya Uskoti, pale Dounreay, kulikuwa na kinu cha kasi ambacho mafuta yake yalivishwa chuma cha pua cha daraja zuri. Mwaka 1967 Cawthorne na Fulton walichapisha walichokiona kwa hadubini ya elektroni: chuma kilichokaa ndani ya kinu kilikuwa kimejaa matundu madogo, kana kwamba kimeumuka. Hilo halikuwamo katika hesabu za wasanifu. Baadaye ikadhihirika kwamba vyuma vya aina hiyo, vikishavuka kipindi cha utulivu, vinaweza kuvimba kwa asilimia moja kwa kila mng'oko. Sehemu zilizopangwa kuachana kwa nafasi ya milimita zikaanza kubanana. Ilichukua miongo miwili kupata vyuma vilivyo na subira zaidi. Wala si chuma peke yake. Hunterston B, kituo kingine cha Uskoti, kilifungwa Januari 2022 baada ya matofali yake ya grafaiti kupasuka kwa miaka mingi ya mionzi. Fizikia ya kinu kile haikuwa na kasoro. Kilichozeeka ni tofali. Na haya yote yalitokea kwa nyutroni ambazo wastani wa nguvu zake ni elektrovolti milioni mbili, zilizozoeleka, ambazo sampuli zingeweza kuwekwa ndani yake wakati wowote na kutolewa kuchunguzwa.

Kwa nyutroni za milioni 14 hatuna hata nafasi hiyo ya kushtuka. Historia ya jambo hili inastahili kusimuliwa polepole, kwa kuwa wanaotangaza rekodi hawaisimulii kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walianza mradi wa kujenga chanzo kikubwa cha nyutroni huko Hanford, jimbo la Washington. Wazo lenyewe ni wazi: chukua viini vya diteriamu, viharakishe, vipige kwenye pazia la lithiamu iliyoyeyuka inayotiririka kwa kasi, nyutroni zinazochomoka upande wa pili zinakaribiana na zile za muungano. Weka vipande vya chuma hapo, subiri, vitoe, vivunje, ujue. Katikati ya miaka ya 1980 mradi ulikatwa. Livermore walikuwa na chanzo kingine cha nyutroni za milioni 14 katika miaka hiyo, safi lakini dhaifu, na sampuli zake ziliambulia sehemu ndogo sana ya mng'oko mmoja. Katika miaka ya 1990 wazo la lithiamu likafufuliwa kimataifa kwa jina la IFMIF. Mwaka 2007 Ulaya na Japani zikatia saini makubaliano, na mashine ya majaribio ikaanza kuundwa Rokkasho, kaskazini mwa Japani. Mwaka 2019 sehemu yake ya kwanza ilifikisha mkondo wa miliampea 125 kwa nguvu ya elektrovolti milioni 5, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko vichwa vingi vya habari vya fani hii, na sidhani kama kuna gazeti la kawaida lililoupa ukurasa wa mbele. Sasa toleo lililopunguzwa, IFMIF-DONES, limeingia hatua ya ujenzi huko Escúzar, karibu na Granada, Hispania.

Kutoka Hanford hadi Escúzar ni zaidi ya miaka 40. Katika miaka hiyohiyo dunia imejenga tokamaki, yaani mashine za kushikilia plazma kwa sumaku, moja baada ya nyingine, imejenga leza za Livermore kwa mabilioni ya dola, na imeingiza zaidi ya euro bilioni 20 katika ITER. Chanzo cha nyutroni, ambacho ni kitu kidogo kwa gharama ukilinganisha na majitu hayo, kimekuwa kikisubiri foleni. Na hata kitakapokamilika, sehemu ya ndani itakayopata ming'oko mingi kwa mwaka ina ujazo usiofika lita moja. Humo ndimo vitakapowekwa vipande vidogo vya kila chuma, kila kiungo cha kulehemu na kila aloi inayogombea kazi.

Kwa sasa watafiti wanaishi kwa ujanja, na ni ujanja wa kuvutia. Kwenye kinu cha HFIR cha Oak Ridge, Tennessee, huchanganya nikeli au boroni ndani ya sampuli ili zitoe heliamu ya ziada chini ya nyutroni za kawaida. Kwenye kinu cha BOR-60 cha Dimitrovgrad, Urusi, chuma cha Kizungu kimepata ming'oko zaidi ya 70, lakini bila heliamu inayostahili. Maabara za Saclay na Takasaki hurusha miale miwili au mitatu ya ayoni kwa wakati mmoja. Ming'oko inayohitaji miaka hupatikana kwa saa chache, ila kwenye ngozi ya chuma yenye unene wa sehemu ndogo ya unywele. Kila njia inakupa kipande kimoja cha ukweli na kukuficha vingine. Kuviunganisha vipande hivyo na kutia saini kwamba mtambo ni salama ni kazi ambayo mhandisi makini hataifanya.

Sasa kuna wanaosema kompyuta zitamaliza ubishi. Mwishoni mwa 2023 Google DeepMind walitangaza kwamba programu yao imetabiri fuwele mpya milioni 2.2, na 380,000 kati yake zinaonekana imara. Mbona basi tusiiambie itutafutie chuma cha ukuta? Iambie itafute. Itakupa orodha ndefu ya wagombea. Lakini uimara unaotabiriwa hapo ni wa fuwele kamili iliyotulia, wakati ukuta wetu ni chuma cha viwandani chenye punje, mipaka, uchafu na mishono ya kulehemu, kinachopigwa kwa miaka. Programu hujifunza kwa takwimu, na takwimu za chuma kilichopigwa na nyutroni za milioni 14 hadi ming'oko 50 hazipo. Haziwezi kukisiwa kutoka kwenye ombwe. Halafu hata ukiwa na chuma mkononi, kuna kukithibitisha. Mwaka 2019 kanuni za Wamarekani za mitambo ya mgandamizo zilipokea aloi ya nikeli iitwayo 617 kwa ajili ya vinu vya joto kali. Ilikuwa ya kwanza kuongezwa baada ya miaka ipatayo 30, na kazi yake ilichukua miaka 12. Hiyo ni aloi iliyokwishajulikana viwandani kwa muda mrefu, na hapakuwa na nyutroni za muungano ndani ya hesabu.

Jibu linalopendwa zaidi, na lenye akili zaidi, ni hili: ukuta ukichoka, ubadilishe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usanifu wa ARC, uliotoka MIT mwaka 2015, umejengwa juu ya wazo hilo: sumaku zinafunguka, chombo cha ombwe kinatolewa kizima, kipya kinaingizwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Nauheshimu usanifu huo kwa sababu angalau umekiri kwamba ukuta unakufa. Lakini ukiri huo una gharama ambazo hazionekani kwenye michoro. Chombo kilichotolewa kinawaka mionzi, hakuna mtu anayeweza kukisogelea, kila skrubu inafunguliwa na roboti. JET ilipobadilishiwa ngozi yake ya ndani kati ya 2009 na 2011, kwa msaada wa roboti zilizobobea, ilisimama zaidi ya mwaka na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza, nakubali, na wangeweza kuharakisha. Ila ukuta wa JET haukuwa na hata chembe ya mionzi ya kituo cha umeme. Kituo kinachouza umeme hulipia mkopo wake kila mwezi, kiwe kimewaka au kimezimwa.

Halafu ipo kanuni moja ndogo ya kulehemu ambayo ingepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila mwekezaji. Chuma kikishakuwa na heliamu, ukikilehemu tena, viputo hupanuka kwa joto na mshono hupasuka. Katika usanifu wa ITER, kikomo cha kulehemu upya bamba nene ni atomu moja ya heliamu kwa milioni. Kwa uwiano nilioutaja, hiyo ni sehemu ya kumi ya mng'oko mmoja. Sehemu ya mbele ya ukuta wa kituo cha umeme itavuka kikomo hicho ndani ya siku chache tangu kuwashwa. Kwa hiyo kila mahali patakapokatwa na kuungwa tena panapaswa kufichwa nyuma kabisa ya ngao nene, na bomba lolote litakalotoboka upande wa mbele halizibwi. Sehemu nzima inang'olewa. Wanaosema tutabadilisha wajibu kwanza watalehemu wapi.

Wanaokimbilia mafuta mengine nitawajibu kwa ufupi. Diteriamu na heliamu-3, njia ya Helion, hupunguza nyutroni lakini haizimalizi, maana diteriamu huungana na diteriamu mwenzake na kutoa nyutroni za milioni 2.45, na heliamu-3 yenyewe ni adimu. Haidrojeni na boroni hazitoi nyutroni za kuhesabika, ila zinataka joto la zaidi ya nyuzi bilioni moja, na hapo tumerudi kwenye plazma, tena plazma ngumu kuliko ile tuliyoambiwa imekwisha. Chumvi iliyoyeyuka ya lithiamu na beriliamu inafyonza joto vizuri, lakini kati yake na plazma bado pana ukuta wa metali, na sasa ukuta huo unaliwa na kutu upande wa pili.

Nisieleweke kwamba hakuna chochote kilichofanyika. Watu wa metali wamefanya makubwa kwa fedha kidogo. Wazungu wana EUROFER97, Wajapani wana F82H, Wachina na Wahindi wana vyao. Ni vyuma vyenye kromiamu asilimia nane au tisa, vilivyoondolewa molibdeni, niobiamu na nikeli, vikatiwa tangsteni na tantalamu, ili baada ya miaka mia hivi mionzi yake iwe imeshuka kiasi cha kuweza kuyeyushwa na kutumika upya badala ya kuzikwa kwa vizazi. (Kwa msomaji wa huku: tangsteni huchimbwa Rulindo, Rwanda, na tantalamu hutoka kwenye koltani ya Rubaya, Kivu ya Kaskazini. Bei ya ukuta huu inaweza kuwa jambo letu mapema kuliko umeme wake.) Vyuma hivi havivimbi ovyo kama vile vya Dounreay. Lakini vina dirisha jembamba la joto. Vikipigwa na nyutroni chini ya nyuzi 350 hivi huwa vikavu, na joto linalotenganisha kunyumbuka na kukatika hupanda hadi likavuka joto la chumba. Maana yake mtambo ukizimwa na kupoa, ukuta uko katika hali ya kigae. Juu ya nyuzi 550 vinalegea na kutambaa chini ya mzigo. Kuna vyuma vilivyopandikizwa chembechembe za oksidi ya itriamu, ambazo hukamata heliamu na kuitawanya katika viputo vidogo visivyo na madhara. Vinatia moyo kuliko kitu kingine chochote katika fani hii, lakini hutengenezwa kwa kusaga poda, kwa gharama, na kuvilehemu kwa njia ya kawaida ni kuziharibu chembechembe zenyewe. Tangsteni ya mbele ya ukuta haiyeyuki hadi nyuzi 3,422; hata hivyo ni kavu tangu kuzaliwa, na nyutroni huigeuza taratibu kuwa reniamu na osmiamu, ambazo huizidishia ugumu usiotakiwa.

Zipo namna za kuyashughulikia haya. Hazipatikani kwa kungoja plazma itangulie.

Mtu anaweza kusema tusubiri ITER itajibu. Haitajibu, na si kosa lake. Ming'oko mitatu haiwezi kutoa ushahidi wa hamsini. Tena kwa ratiba iliyotolewa 2024, ITER itaanza kutumia diteriamu na tritiamu mwaka 2039. Na kabla nyutroni hata moja haijazaliwa ndani yake, vyuma vimeshaikwamisha. Mabomba ya kupoozea yaliyolehemewa kwenye ngao zake za joto yalikutwa na nyufa zilizosababishwa na kutu ya mabaki ya klorini, na vipande vya chombo chake cha ombwe vilifika vikiwa na vipimo visivyolingana kwenye maungio. Miaka imepotea hapo. Hakuna hata moja kati ya shida hizo iliyohusu plazma.

Kwa nini basi kauli ya kwamba fizikia imekwisha inashika? Kwa sababu plazma inatoa habari kila mwaka na chuma kinatoa habari kila baada ya miongo. Rekodi ya sekunde ina picha, ina mwanga wa zambarau, ina waziri wa kupiga naye picha. Sampuli iliyokaa miaka minne ndani ya kinu, ikapoozwa miaka miwili, ikavunjwa nyuma ya kioo kizito na kutoa mstari mmoja kwenye grafu, haina mpiga picha. Mwekezaji anayetaka faida ndani ya miaka kumi hawezi kuisubiri, kwa hiyo anaambiwa haina umuhimu. Ndiyo maana ratiba zimegeuka kichekesho: vituo vya umeme vimetangazwa kwa 2028, mwanzoni mwa miaka ya 2030 na, kwa mradi wa Waingereza huko West Burton, 2040, huku chanzo cha nyutroni cha kuthibitisha vyuma vyake bado kinajengwa.

Ninachotaka si kuzimwa kwa tokamaki. Nataka foleni ipangwe upya. Escúzar ipewe fedha za kukimbia, si za kutembea, na Wamarekani na Wachina wajenge chanzo cha pili na cha tatu, kwa sababu ujazo usiofika lita moja hautatosha dunia nzima. Kila serikali inayotoa ruzuku kwa kampuni ya muungano iweke sharti kwamba sehemu ya fedha hizo iende kwenye vyuma. Na kijana wa Dodoma au Eldoreti anayetaka kuingia katika fani hii aache kushindania nafasi ya plazma. Asome metali, kwani huko ndiko kuna upungufu wa watu na wingi wa maswali.

Kwa wahariri na wasomaji nina ombi moja. Taarifa ya rekodi nyingine ikija, muulizeni msemaji swali hili: ukuta wenu umethibitishwa kwa ming'oko mingapi, kwa nyutroni za nguvu gani, na ulipimwa wapi? Akitaja namba iliyokokotolewa, andikeni kwamba imekokotolewa. Akitaja iliyopimwa kwenye kinu cha mpasuko, andikeni hivyo. Na akisema suala hilo litashughulikiwa baadaye, basi tarehe aliyoitoa ya kuwasha umeme msiichapishe.